Fundi Pamba na Mlango Usiopigiwa Hodi

Hospitalini pale watu walimwita Pamba, na hakuna aliyekumbuka ni lini jina lake halisi liliacha kutumika. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwembamba, wa miaka arobaini na sita, na mfukoni hakukosa vitu viwili: donge la pamba na kichupa cha spiriti. Kabla hajagusa kibodi ya mtu, aliipangusa. Kabla hajashika kitasa, alikumbuka kwanza nani katoka kukishika. Mtu akipiga chafya chumba cha pili, Pamba alibana pumzi. Hakuwa na maringo wala hakuwa mgonjwa. Alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na pengo la meno, akazoea kuishi nacho.

Na Mungu ana mambo yake, akampa mke mkunga. Mama Mapacha, kama Pamba alivyomwita, alikuwa wodi ya wazazi ya hospitali hiyohiyo, na hakuna kitu chini ya jua kilichowahi kumkunja uso. Angeweza kula chakula cha jioni huku anasimulia kondo la nyuma lililogoma kutoka, na asitambue kwamba mumewe amesukuma sahani tangu sentensi ya kwanza.

"Mimi tangu asubuhi nimeshika damu na maji na vingine nisivyovitaja mezani," alimwambia siku moja, "na wewe umerudi umenuna kwa sababu ya kibodi?"

"Ilikuwa na ukucha ndani."

"Ukucha tu?"

"Wa mguu, Mama Mapacha. Wa mguu."

Mke alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa ajili yake wauguzi karibu wote walimwita Pamba shemeji, wakamtania kishemeji, naye akawavumilia.

Mwaka ule hospitali ilikata shauri kuachana na kompyuta zake sabini, ambazo kila moja ilikuwa na maradhi yake. Badala yake zingewekwa mashine mbili kubwa katika chumba kimoja, na wodini kungebaki skrini, kibodi na kidude kidogo kama kisanduku cha sabuni cha kuziunganisha na mashine hizo. Mtu akiandika jina lake na neno la siri, mashine kubwa inamfungulia meza yake mwenyewe: faili zake, programu zake, mpangilio wake. Wenzake thelathini na tano wanafanya kazi ndani ya mashine ileile saa ileile, na hakuna anayemwona mwingine. Akiacha fomu nusu wodini, anaweza kwenda kuimalizia ofisini akaikuta ilipoishia. Kazi ya kuzisimika mashine hizo ilimwangukia Pamba peke yake, na nafasi ya kila mtu ndani ya mashine yeye aliiita kikao, kwa lugha ya mafundi.

"Kikao?" Matroni alimkatisha alipokuwa anamweleza. "Baba Mapacha, wiki hii nimekaa vikao sita. Sikitaki cha saba."

"Hiki si cha kukaa, Matroni. Ni nafasi yako ndani ya..."

"Kina chai?"

"Hakina."

"Basi ndiyo kabisa sikitaki."

Chumba alichopewa kwa ajili ya mashine kilikuwa stoo ya magodoro yaliyotolewa wodini. Pamba alifungua mlango, harufu ikamkabili kama mtu aliyekuwa anamsubiri, naye akageuka akatapika kwenye ndoo ya mfagiaji. Mfagiaji alimlaani kwa maneno ambayo hayaandikiki. Sakafu ilinata, na kila hatua kiatu kilitoa sauti kama mtu anayebusu. Ukutani kulikuwa na michirizi ambayo Pamba alijikataza kuikisia. Alijikaza kisabuni, akavaa barakoa mbili, akakisugua chumba kile siku nne, na siku ya tano akaleta fundi wa umeme na fundi wa kiyoyozi.

Kisha ikaja zamu ya kuzitoa kompyuta za zamani. Ya mapokezi ilikuwa na peremende iliyoyeyuka kati ya herufi, na nywele zimenasa humo kama wadudu kwenye gundi. Ya stoo ya dawa ilipofunguliwa mende walimwagika, si mmoja mmoja bali ukoo mzima, mabibi na vilembwe, wakamkimbilia mikononi. Ya maabara ilikuwa na kiota cha panya kilichofumwa kwa vipande vya majibu ya wagonjwa, na katikati ya kiota vitoto vitano vyekundu visivyo na manyoya, vinajinyonganyonga. Ile ya chumba cha maiti hakuifungua. Aliitia kwenye mifuko miwili ya taka, akafunga, akaandika kwenye orodha yake: imekufa.

Lakini tabu kubwa ilikuwa programu ya kusajili wagonjwa. Ilikuwa ya zamani, imezoea kuishi peke yake kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na ilipowekwa mahali pa watu wengi ikachanganyikiwa. Karani wa mapokezi akifungua jina la mgonjwa, karani wa maabara anatupwa nje. Majibu ya mkojo wa mzee fulani yalichapwa kwenye printa ya wodi ya wazazi, na mkunga wa zamu akatangaza kwa sauti kwamba babu si mjamzito. Pamba alihangaika na programu ile wiki mbili, akaiondoa na kuiweka upya mara nane, simu inalia mfululizo, na ni katika wiki hizo mbili Mkuu wa Utawala alipomjia.

Huyu alikuwa na madaraka juu ya wafanyakazi wote wasio madaktari, na ndiye mtu msafi kuliko wote hospitalini. Kucha zake zilikatwa sawasawa, kola yake haikuwa na doa, na manukato yake yalifika kabla yake. Pamba alimpenda kwa hilo tu. Alimpangusia kiti, mkuu akaketi.

"Nasikia mashine zako hizi zinaweza kumwonyesha mtu skrini ya mwenzake."

"Zinaweza, Mkuu. Ni kwa ajili ya msaada. Mtu akikwama ghorofa ya tatu, mimi naona anachokiona bila kupanda ngazi."

"Niwekee na mimi. Nataka kujua nani anafanya kazi na nani anacheza karata."

"Sawa. Ila mtu huulizwa kwanza. Unamtokea ujumbe, kwamba fulani anaomba kuona skrini yako. Anakubali au anakataa."

Mkuu alicheka kidogo. "Sasa anayecheza karata atakubali? Toa hilo la kuomba."

Pamba alisita, pengine dakika moja. Alijua kuna watu hospitalini ambao skrini zao si za kuangaliwa na mtu yeyote. Lakini simu ililia, maabara wametupwa nje tena, na mkuu alikuwa ameketi pale ananukia vizuri. Kwenye mipangilio palikuwa na sehemu ya kuchagua: kwa idhini ya mtumiaji, au bila idhini. Alichagua bila idhini. Hakumwambia mtu, na jioni alikuwa ameshasahau.

Baada ya hapo mambo yakatulia. Programu ilikubali kuishi na watu, kila printa ikajua wodi yake, na Matroni mwenyewe akakiri mbele ya watu kwamba kikao kisicho na chai kina faida zake. Miezi mitatu Pamba alitembea kifua mbele.

Siku moja mchana alikuwa mkahawa wa hospitali, kijiko mdomoni, alipoyasikia ya mpishi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kilemba cha bluu, aliyejifungua miezi minane nyuma. Asubuhi ile Mkuu wa Utawala alikuwa ameingia jikoni, akasimama mlangoni, na akamwambia mbele ya wenzake: "Kuanzia leo wewe nenda kufulia. Jikoni hatutaki mtu anayevuja." Mpishi alivua aproni, akaikunja, akatoka. Sasa meza zote zilikuwa zinanong'ona. Anavuja mkojo. Tangu azae. Anavaa matambara.

Pamba alitema alichokuwa nacho mdomoni kwenye karatasi, akasukuma sahani, na akaanza kuhesabu kichwani ni siku ngapi amekula kutoka mikono ile. Jioni alimletea mkewe habari hiyo kama mtu anavyoleta panya mfu, kwa ncha za vidole.

Mama Mapacha aliacha kula. "Nani kakuambia?"

"Hospitali nzima inajua."

"Na wewe uliposikia ukafanya nini?"

"Niliacha chakula. Ungefanya nini wewe?"

Mke alimtazama kama anavyotazama chombo kilichooshwa vibaya. "Yule mtoto alikaa na uchungu siku mbili, Baba Mapacha. Kichwa cha mtoto kilikwama pale, kikaua nyama, tundu likatoboka. Ni jeraha. Linashonwa. Upasuaji wake ni mwezi ujao, na mpaka hapo anaoga mara nne kwa siku na mikono yake ni misafi kuliko yako. Alituambia watu wawili tu, mimi na mshauri nasaha. Mimi sijafungua mdomo."

Aliinuka akaenda chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao yeye kuacha sahani nusu.

Kwa hiyo lawama zote zikamwangukia mshauri nasaha, mama wa makamo aliyekuwa na chumba mwisho wa korido, mahali watu walipokwenda kusema yasiyosemeka. Walisema ndiye aliyemwaga mtama. Mama Mapacha naye aliamini, akaacha kumsalimu. Benchi la nje ya chumba kile, lililokuwa halina nafasi siku za Jumanne na Alhamisi, likabaki na mtu mmoja au wawili waliofunika nyuso. Mshauri aliapa kwa kila mtu kwamba hajasema. Akiapa, watu walitazama pembeni.

Wiki mbili baadaye mashine mojawapo ilianza kuwa nzito asubuhi. Pamba alifungua kumbukumbu zake kutafuta sababu, akaanza kusoma nani kaingia saa ngapi. Uzito wenyewe ulitokana na jambo dogo, picha za eksirei zilizokuwa zinafunguliwa kwa pamoja. Lakini katikati ya mistari ile aliona jina la Mkuu wa Utawala limeingia kwenye kikao cha mshauri. Alipandisha juu. Limeingia tena. Jumanne, Alhamisi, Jumanne, Alhamisi, kati ya saa tatu na saa sita, saa za wagonjwa. Mara arobaini na moja. Hakukuwa na karani hata mmoja aliyeangaliwa kama anacheza karata. Na mara ndefu kuliko zote, dakika hamsini, ilikuwa siku moja kabla mpishi hajafukuzwa jikoni.

Pamba aliganda kitini. Aliiona picha nzima bila kutaka: mshauri anaandika, mtu analia mbele yake, na ghorofa ya chini yule bwana wa kola nyeupe ameketi na kikombe chake anasoma herufi moja moja zinavyotokea. Anasubiri neno linalofuata. Pengine anatabasamu. Kichefuchefu kilichomshika hakikuwa kile cha mende wala cha magodoro. Kile kilikuwa kinakuja na kuondoka, hiki kilikaa. Alikwenda kunawa. Akanawa tena. Akamimina spiriti yote iliyobaki viganjani, akasugua mpaka ngozi ikawaka moto, na alipoinua uso kwenye kioo cha bafu akamwona mtu aliyefungua mlango. Maana mkuu yule asingejua hata pa kubonyeza. Aliyeondoa hodi ni yeye Pamba.

Nyumbani jioni alimweleza mkewe yote, bila kujipunguzia. Mama Mapacha alikuwa anashona kifungo cha shati la mmoja wa mapacha. Hakuinua macho mpaka alipokata uzi.

"Umefunga hicho kitu?"

"Bado."

"Umemwambia mshauri?"

"Bado."

"Sasa tangu asubuhi umefanya nini?"

"Nimenawa."

Mke aliweka sindano mezani taratibu. "Na mimi nimemnyima salamu yule mama wiki mbili," alisema. "Kesho mwambie. Usipomwambia nitamwambia mwenyewe, na nitaanza na jina lako."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Pamba alifika kabla ya wafagiaji, akachapa kurasa zote za kumbukumbu, akafungua mipangilio na kurudisha idhini ya mtumiaji. Jina la mkuu hakulitoa kwenye orodha ya wanaoweza kuona skrini za wengine. Alitaka ashikwe mkono ungali chunguni. Kisha alikwenda mpaka mlango wa mshauri, akainua mkono abishe, akasikia mtu anazungumza ndani kwa sauti ya kukatika. Akaushusha mkono. Alijiambia atarudi mgonjwa akitoka, ingawa alijua moyoni kwamba ni woga tu. Akarudi kwenye chumba chake cha mashine.

Saa tatu na dakika ishirini simu ililia.

"Shemeji," alisema mshauri, "kuna kitu kimetokea kwenye skrini yangu. Kinasema Mkuu wa Utawala anaomba kuona ninachofanya. Nibonyeze wapi?"

"Usibonyeze popote. Nakuja."

Alipanda ngazi mbilimbili. Mgonjwa alikuwa ametolewa nje, ameketi kwenye benchi na kitambaa mdomoni. Mshauri alikuwa kitini, mikono mapajani, anautazama ujumbe kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemkuta kitandani.

"Leo anaomba," alisema polepole. "Siku nyingine alikuwa haombi?"

"Alikuwa haombi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Mara arobaini na moja, zote kwako." Pamba aliziweka karatasi mezani. "Mimi ndiye niliyeondoa kuomba. Aliniambia niondoe, nikaondoa. Sikufikiria."

Mshauri alisoma ukurasa wa kwanza, kidole chake kinashuka tarehe kwa tarehe. Alipofika kwenye zile dakika hamsini, kidole kikasimama. Hakupiga kelele. Alivuta kiti chake nyuma, mbali naye.

"Sogea mlangoni," alisema. "Sitaki uwe karibu yangu."

Pamba alisogea. Aliujua uso ule, pua iliyobanwa kidogo na shingo iliyorudi nyuma. Alikuwa amewatazama watu hivyo maisha yake yote, na hakuwahi kujua jinsi unavyouma.

Mshauri alimwita Matroni. Wanawake wawili walishuka ngazi kwa hatua za haraka, Pamba nyuma yao. Matroni hakubisha; alisukuma mlango wa Mkuu wa Utawala, wakamkuta na kikombe cha chai, na kwenye skrini yake maandishi: inasubiri idhini ya mtumiaji.

"Endelea kusubiri," Matroni alimwambia. "Tumekuja wenyewe."

Mkuu alijaribu kuzima skrini, akakosea kitufe, chai ikamwagika. "Hii ni kazi ya usimamizi," alisema. "Nina haki ya kujua wafanyakazi wangu..."

"Na yule mpishi ulimsimamia?" mshauri aliuliza. "Alichoniambia akiwa analia, ulikuwa unakisoma hapa na chai?"

Mkuu aligeuka akamnyooshea Pamba kidole. "Muulizeni fundi wenu. Ndiye aliyeniwekea."

"Ni kweli," Pamba alisema. "Ni mimi."

Manukato yalikuwa yamejaa chumba kizima. Pamba alibana mdomo kwa kiganja, akatoka, na safari hii hakuiwahi ndoo.

Kamati ya nidhamu ya hospitali ilikaa siku mbili. Pamba alipewa barua ya onyo kali, akaitia sahihi bila kubishana. Mshauri alisafishwa jina kwa tangazo la mistari mitatu kwenye ubao, na Mama Mapacha alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akakaa naye chumbani saa nzima. Kuhusu Mkuu wa Utawala, kamati iliona kwamba ametumika kwa muda mrefu. Alihamishiwa hospitali nyingine, kwa cheo kilekile, kwa mahitaji ya kazi. Walimwandalia na hafla ya kuagwa: viti vilifungwa riboni, keki ikakatwa, mtu akasoma risala kuhusu uadilifu. Pamba, aliyelazimishwa kuhudhuria kwa sababu ya kipaza sauti, alisimama ukutani karibu na mlango. Mkuu alipopita akipeana mikono na watu, Pamba aliweka yake nyuma.

"Bado unaogopa vijidudu?" mkuu alimtania, na watu wawili watatu wakacheka.

"Naogopa," Pamba alisema.

Siku ileile alimpigia simu fundi wa hospitali aliyohamishiwa mkuu, mtu asiyemjua kabisa, akamweleza ombi litakalomjia na jinsi litakavyosemwa. Mwenzake akasema ameandika.

Mshauri hakuitumia tena ile mashine. Aliandika kwenye daftari, akalifungia kwenye kabati la chuma, na Pamba alipokwenda kumweleza ulinzi mpya aliouweka, alimsikiliza kwa adabu na kusema hapana. Hakumwita shemeji tena.

Mpishi alishonwa, akapona. Walimwambia anaweza kurudi jikoni, akakataa, akabaki kufulia. Pamba alimfuata huko wiki ya pili baada ya kurudi kwake kazini. Alikuwa anakunja mashuka, kilemba chake cha bluu kimelowa mvuke, na Pamba alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia siku ya kuchagua bila idhini.

Mwanamke hakuacha kukunja. "Na wewe uliposikia habari zangu," aliuliza, "ulisemaje?"

Pamba angeweza kusema lolote. "Sikusema kitu. Nilitema chakula."

Mikono ilisimama juu ya shuka. "Wenzako wote wananiambia walinihurumia," alisema. "Hata waliocheka." Akamalizia kukunja, akaweka shuka juu ya rundo, akalinyanyua rundo zima mpaka kidevuni. "Nimekusikia. Sasa nipishe, wodi inasubiri."

Pamba akampisha, akamshikia mlango, naye akapita bila kumtazama.